Alama Iliyomponyoka Mwalimu Shafi

Saa mbili asubuhi, Mwalimu Shafi Muhdhar anaandika ubaoni, pua yake nusura iguse chaki. Anachora mstari, juu anaweka 4, chini anaweka 3 kutoa kipeuo cha pili cha 5. Kisha anageukia darasa.

"Hapa chini kuna alama gani?"

"Ya kutoa, mwalimu!"

"Basi tunazidisha juu na chini kwa kitu gani?"

"Tatu kujumlisha kipeuo cha pili cha tano!"

Hapo ndipo anaposhusha pumzi.

Shafi, 52, anafundisha hisabati katika shule moja ya upili viungani mwa Kitale. Ameajiriwa na bodi ya shule, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kwa miaka miwili macho yake yamekuwa yakiingia ukungu, naye akanyamaza.

"Mwalimu asiyeona ubao atapewa mkataba na nani?" anauliza. "Mke wangu Zulekha peke yake ndiye alijua."

Mambo yalifichuka Julai. Siku moja kabla ya wanafunzi wake wanne kwenda Bungoma kwa mashindano ya hisabati, aliwaandikia mfano wa kuondoa kipeuo chini ya mstari. Ufunguo wa hesabu hiyo ni kugeuza alama: penye kutoa unazidisha kwa kujumlisha, na kipeuo kinajifuta chenyewe. Shafi aliandika kutoa mara mbili, asione.

Asubuhi ya mashindano simu yake ililia. Alikuwa Chelagat, mmoja wa wale wanne.

"Mwalimu, samahani, tunabishana hapa. Si ulituandikia kutoa na kutoa? Sasa kipeuo kinakataa kutoka."

Shafi anakumbuka alivyomjibu. "Nikamwambia, 'Geuza alama, mama! Waambie wenzako!' Simu ikakatika. Kupiga tena, imezimwa. Wasimamizi walikuwa wanakusanya simu mlangoni."

Mshindi alikuwa ameahidiwa karo hadi amalize shule. Zulekha alimkuta Shafi akizunguka uani, akinong'ona nambari.

Jioni aliwangoja langoni mwa shule. Chelagat alikuwa amewahi kuwaambia wenzake wawili tu wageuze alama. Kiptum, aliyekuwa hodari kuliko wote, alishaingia ukumbini. Aliikosa zawadi kwa swali moja la aina hiyo hiyo.

"Mimi nilifanya vile uliandika, mwalimu," Kiptum alimwambia, kisha akaenda zake bwenini.

"Hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali angenikasirikia," Shafi anasema.

Jumatatu alibisha mlango wa mwalimu mkuu, Bi Phelista, akamweleza yote. Alikuwa amejiandaa kufutwa kazi.

"Akaniuliza, 'Kwani ulingoja uanguke ndio utuambie?'"

Aliruhusiwa kuendelea, ila kwa sharti moja: atibiwe kabla mkataba wake haujaisha Desemba. Daktari aligundua mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Upasuaji wa jicho la kwanza ni Alhamisi ijayo.

Usingizi haumjii vizuri. "Daktari anasema ni kitu kidogo. Lakini jicho ni langu, si lake."

Mwakani Kiptum atarudi Bungoma kushindana tena, na Shafi anaomba awe bado kazini amwandae yeye mwenyewe. Anapoulizwa atakachotaka kuona kwanza bandeji ikifunguliwa, hataji ubao.

"Nataka kuona uso wa huyo kijana akiwa ameelewa," anasema. "Siku hizi namsikia tu akisema ndiyo, mwalimu. Sijui kama ni kweli."