Kahawa ya Mguu Mrefu

Mama Kahambu alivaa miwani, akazitandaza mezani karatasi za binti yake Rébecca. Kila moja ilikuwa na jina la marehemu mumewe, Mulondi, kwa herufi za namna yake. Kahawa yao ya Butembo ilihitaji pakiti mpya, naye hakutaka jina hilo lishushwe hadhi.

«Hizi zimekonda sawa mutu mwenye kutoka ospitali,» alisema. «Na hizi zinacheza. Jina ya papa yako hapana kuenda mu bar!»

«Basi angalia hizi, mama. Nilizifwatisha ku gunia ya papa.»

Kahambu akaivuta karatasi karibu na miwani. Zilikuwa zile nene alizozipaka Mulondi kwa burashi, huku akipiga mluzi, vidole vyeusi kwa rangi. Ila mguu mmoja wa M uliomzidi mwenzake kwa urefu, Rébecca alikuwa ameukata ulingane.

«Ilikuwa kosa, mama.»

«Lakini bamama ba Kyavinyonge benye kutununulia habakujuaka kusoma. Balikuwa banauliza kahawa ya mguu murefu, na hakuna mutu aliweza kubadanganya na kahawa ingine. Urudishe.»

Rébecca akavuta kompyuta, na mguu ukashuka tena polepole.

«Sasa ni yeye,» Kahambu akasema.