Siku Moja ya Matanga

Nilipotoka chuo cha thiolojia nikapangiwa usharika wa nyumbani, Izigo, nilijiona nimemaliza mambo ya Mungu. Ungeniuliza thiolojia ni nini na kazi yake ni ipi, ningekujibu kwa pointi bila kufungua daftari. Hakuna aliyeniuliza. Ugonjwa ule wa kukondesha watu hadi kufa ulikuwa umeshaingia karibu kila kibanja, kila nyumba na migomba yake, nami nilizika zaidi kuliko nilivyobatiza.

Kilichotushinda ni majembe. Desturi ya kwetu, mtu akifa majirani hawalimi siku nne. Wanakaa na wafiwa kwenye nyasi zilizotandazwa ndani. Desturi nzuri, ila ya wakati watu walipokuwa wakifa mmojammoja. Sasa siku nne hazijaisha, kilio kinasikika nyumba ya pili, na mvua inapita maharage hayajapandwa. Wazee wakanijia.

"Mchungaji, wewe umesomea mambo ya Mungu. Kulima siku ya pili ni dhambi?"

Hatimaye swali! Jumapili nikapanda mimbarani na madaha yangu yote: Mungu hapimi uchungu kwa kuhesabu siku, siku moja yatosha. Watu walinishukuru, na msimu ule tulivuna. Kwa hilo sijisuti. Watoto walikula.

Kisha dada yangu akarudi kutoka Bukoba mjini, mifupa mitupu, na baada ya wiki mbili akafa. Tulimzika alasiri kwenye migomba ya baba. Asubuhi yake majirani wakatupa pole, wakainuka, wakachukua majembe waliyoyaegemeza ukutani nje. Tukabaki mimi na mama kwenye nyasi ambazo hazijanyauka.

"Mwana wange," mama akasema, "nenda ukawaambie warudi. Wewe watakusikiliza."

Nilifika mlangoni nikakwama. Wajane wangapi walikuwa wamebaki peke yao vile vile, kwa neno langu, wala hawakulalamika? Ningewaambia watu nini, kwamba uchungu wa kwangu ndio unaohesabiwa? Nilimkasirikia Mungu, nikajikasirikia zaidi. Nikarudi nikaketi.

"Hawaji, mama. Mimi ndiye niliyewaruhusu."

"Najua. Nilikuwepo kanisani, nikaitikia amina," akasema, akivuta kanga yake hadi machoni. "Sikujua ulikuwa unamsema mwanangu."