Namna Gachoka Walivyojua Bei ya Mafuta Kabla ya Serikali

Naona heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine akiwa ameitia chumvi, maana hata bila chumvi inatosha. Niliaibika mbele ya maprofesa sita, wanafunzi ukumbi mzima, na mama mmoja anayeuza mafuta ya taa, na kati ya hao wote ni yule mama peke yake aliyekuwa anaelewa uchumi.

Mnajua nilikuwa nafundisha somo la biashara katika shule moja ya upili karibu na Kinoru, miaka kumi na moja, chaki mpaka kwenye nyusi, nikaamua kurudi darasani nisome shahada ya uzamili ya uchumi. Si kwa kupenda elimu (nisiwadanganye). Chuo kilikuwa na nafasi moja ya mhadhiri msaidizi, na Dakta Karimi aliyekuwa ananisimamia, mama wa miwani mikubwa ambaye sijawahi kumwona akicheka, aliniambia nikiwasilisha utafiti wangu vizuri kwenye semina ya wazi pale Embu, nafasi hiyo ni yangu. Mimi nikasikia ile sehemu ya mwisho tu. Wiki hiyohiyo ukoo mzima ulikuwa unajua, na mama yangu alikuwa ameshaanza kuniombea kanisani kwa cheo ambacho sikuwa nacho.

Utafiti wenyewe ulikuwa juu ya mishtuko. Mafuta yakipanda huko duniani, au Benki Kuu ikipandisha riba, uchumi unashtuka, na ule mshtuko unasafiri mpaka unamfikia mtu wa kijijini anayenunua mafuta ya taa ya kibatari, na mimi nilitaka kujua unachukua siku ngapi njiani. Nikachagua masoko matatu: Makutano pale kwetu Meru, mji wa Embu, na Gachoka kule Mbeere. Serikali hutangaza bei mpya za mafuta kila katikati ya mwezi, kwa hivyo mimi siku mbili kabla ya tangazo nilikuwa naenda Gachoka asubuhi kuandika bei ya maduka saba, halafu jioni hiyo, na kila jioni kwa wiki moja, mwenye duka mmoja anaitwa Mama Wawira alikuwa ananitumia bei za pale kwa simu. Meru na Embu hazikunisumbua, bei imeandikwa kwenye bango la kituo cha mafuta, unaisoma ukiwa ng'ambo ya barabara bila kusalimia mtu. (Hilo la bango mlikumbuke. Mimi sikulikumbuka.)

Sasa kosa lilianza hivi. Dakta Karimi alikuwa amenipa fomu yenye maswali kumi na moja, na la kwanza lilikuwa, tafadhali nieleze bei unayouzia mafuta ya taa leo, ukianza na kipimo kidogo kabisa. Mwezi wa kwanza niliyasoma yote, duka kwa duka, na jua la Gachoka mnalijua, na kila nikifika swali la nne anaingia mteja wa sukari. Nilimaliza saa tisa kichwa kikigonga. Mwezi wa pili nikaona, ya nini haya yote, bei yao si ninayo tayari kwenye daftari? Nikawa nasimama mlangoni na faili yangu ya chuo kwapani, tai shingoni, nasema, "Habari ya biashara. Mafuta ya taa bado ni bei ile ile?" Wanasema ndiyo. Naandika. Nikamaliza maduka saba kabla ya saa nne, nikanywa chai na mandazi, nikajiona mtu mwenye akili.

Miezi ikapita, nikachora grafu, nikaona maajabu. Makutano na Embu zilikuwa hazitikisiki mpaka serikali itangaze, lakini Gachoka, mahali ambapo nusu ya watu hawana redio yenye betri nzima, bei ilikuwa inapanda jioni, siku mbili kabla ya tangazo, kila mwezi kuanzia ule wa pili, bila kukosa. Isipokuwa mwezi mmoja tu, ambao ilitulia kabisa. Na mwezi huo, nilipotazama magazeti, Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba. Nilimwamsha mke wangu nikamwambia nimegundua kitu, akaniuliza kama ni panya.

Dakta Karimi alipoiona ile grafu alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Bwana Murithi, hii ikiwa ni kweli ni kubwa," akasema. "Lakini wanajuaje?"

Mtu mwenye busara angesema sijui. Mimi nikamwambia ni muguka. Mnajua Mbeere wanalima muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, na kila siku magari yanaupeleka Mombasa mbio kabla haujanyauka, na Mombasa ndiko meli za mafuta zinakotia nanga, kwa hivyo (nilisema haya nikiwa na akili zangu timamu) madereva wanaona meli, wanasikia habari bandarini, wanarudi nazo Gachoka, na wenye maduka wanapandisha mapema. Nikaandika sura nzima juu ya madereva wa muguka. Sijawahi kuongea na dereva hata mmoja. Nikaandika sura nyingine juu ya ule mwezi wa utulivu, nikaonyesha kwa hesabu jinsi riba ya Benki Kuu ilivyoshuka mlima ikaenda kutuliza roho za watu wa Gachoka.

"Na wenye maduka umewauliza?" Dakta akasema.

"Nitamleta mmoja kwenye semina," nikajibu. Hilo nalo hakuna aliyenituma.

Siku ya semina Mama Wawira alifika mapema kuliko mimi, amevaa nguo ya Jumapili, na amemletea Dakta mfuko wa ndengu. Nikamketisha mbele. Nikazungumza dakika arobaini, na kwa kweli nilizungumza vizuri, hata yule profesa mzee wa nyuma ambaye husinzia kwenye kila semina alikuwa macho. Nikafika kwenye ile grafu. Nikaona huu ndio wakati.

"Wataalamu," nikasema, "msinisikilize mimi. Mama Wawira, hebu waambie hawa wageni, kule Gachoka mnajuaje mafuta yatapanda kabla serikali haijasema?"

Mama Wawira akasimama, akageukia ukumbi, akanigeukia mimi.

"Si ni wewe, mwalimu," akasema.

Nikacheka kidogo, nikadhani ni heshima. "Mimi naandika tu, mama. Nauliza ile habari yenyewe. Mnaipata kwa madereva wa muguka?"

"Hao wakirudi ni kulala tu, hata salamu hawana. Habari tunapata kwako. Unakuja na faili, na tai, unatuuliza, mafuta ya taa bado ni bei ile ile? Sasa mwalimu, mtu wa ofisi atoke Meru mpaka Gachoka na hilo jua, aje aulize kama bado, si ni kwa sababu anajua kuna kitu kinakuja? Ukienda tu kunywa chai, tunapandisha. Na mwenye mtambo wa kusaga naye anapandisha, kwa sababu ametuona."

Nikameza mate, na kipaza sauti kikawa karibu sana na mdomo, kwa hivyo wote walinisikia nikimeza.

Yule profesa mzee akainua mkono. Akauliza kwa upole kabisa juu ya ule mwezi wa utulivu.

"Huo mwezi hakukuja," Mama Wawira akamjibu. "Tulimngoja. Tukasema, kama mwalimu hajaonekana, basi hakuna kitu."

Ni kweli sikwenda. Nilikuwa na taifodi, nilikuwa nimelala nyumbani nakunywa uji, na bei zilizonifikia ni zile alizonitumia yeye kwa simu. Nyuma yangu ukutani, kwa maandishi ambayo hata mtu wa barabarani angeyasoma, palikuwa pameandikwa Ushahidi wa Nguvu ya Sera ya Fedha Vijijini. Nilijaribu kuusogeza ule ukurasa uondoke, nikabonyeza pabaya, ukawa mkubwa zaidi.

"Na serikali ikishusha bei," akauliza mwanafunzi mmoja ambaye sitamsahau, "mbona huku kwenye grafu hamshushi?"

"Hajawahi kuja kutuambia imeshuka," Mama Wawira akasema, akaketi.

Hapo ndipo watu walipocheka. Maprofesa walianza, wanafunzi wakamalizia. Dakta Karimi hakucheka. Alikuwa anaandika kitu polepole, akainua kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayesahihisha mtihani, "Kwa hivyo, Bwana Murithi, ule mshtuko ni wewe."

Nikasema ndiyo, Dakta.

Nafasi ilienda kwa jamaa aliyeandika juu ya maparachichi. Mimi niliambiwa nikakusanye bei upya, mwaka mzima, kwa fomu, maswali yote kumi na moja. Nilimpigia mama yangu nikamwambia maombi yasimamishwe kwanza.

Lakini si hilo lililoniuma, na nawaambia wazi kwa sababu ninyi ni watu wangu. Baada ya semina tulikaa na Mama Wawira tukanywa chai, na yeye bila kunilaumu akaanza kunieleza habari za jirani yake, nyanya mmoja anayelea wajukuu wawili, kwamba siku hizi ananunua nusu ya kipimo, na wale watoto wanafunga vitabu mapema kwa sababu kibatari kinazimwa. "Sikujua kama umekosea, mwalimu," akasema. "Nilidhani unatusaidia, tusishikwe na bei ya chini." Karibu mwaka mzima wale watu walikuwa wanalipa zaidi kwa sababu mimi niliona uvivu kusoma swali moja lote, halafu nikachukua taabu yao nikaichorea grafu ya rangi mbili.

Nikaamua kurekebisha. Siku ya soko iliyofuata nikaenda Gachoka bila faili, bila tai, nimevaa sweta ya kuchungia, nikasimama mbele ya yale maduka saba nikawaomba wenyewe watoke. Wakatoka, na mwenye mtambo wa kusaga akatoka na unga kichwani. Nikawaambia kwa Kiswahili, na kwa Kimbeere kidogo nilichonacho, "Ndugu zangu, mimi sijui lolote juu ya bei ya mafuta. Sikuwahi kujua. Sijatumwa na serikali wala mtu yeyote. Tafadhali msipandishe bei kwa sababu yangu."

Walinisikiliza kwa utulivu mkubwa. Mwenye mtambo akajipangusa mikono.

"Nani amekwambia uje utuambie hivyo?" akauliza.

"Hakuna mtu."

"Umetoka Meru mpaka hapa, na hakuna mtu amekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe."

Wakatazamana. Wakanishukuru, mmoja akanipa ndizi za njiani, wakarudi madukani, nami nikaondoka nikiwa mwepesi moyoni kwa mara ya kwanza tangu semina.

Nilikuwa sijafika hata Embu simu ikalia. Ni Mama Wawira. "Mwalimu, wamepandisha," akasema. "Kushinda siku zote. Wanasema kama umekatazwa kusema, basi hii inakuja ni mbaya sana."

"Na wewe umepandisha?"

"Mimi nilikuamini. Nikabaki na bei ya zamani."

Nikamshukuru sana. Nikamwambia Mungu ambariki, nikamwambia walau yule nyanya atapata mafuta kwake.

"Hatapata," akasema. "Yameisha. Wale wenzangu sita wenye maduka wamekuja na mitungi wakanunua yote."

Basi, mimi nimeapa kutouliza bei tena popote nisipokuwa na fomu mkononi. Pale Makutano nikitaka nyanya za mchuzi naonyesha kwa kidole, natoa noti, napokea chenji nitakayopewa, naondoka. Mke wangu anasema wananipunja. Ni kweli wananipunja, lakini sasa ni mimi peke yangu ninayelipa.