Simu ya Abdias Iliyobadilisha Inchi

Katika Butembo yote, fundi Abdias peke yake ndiye aliyejua kuhamisha simu ya bureau kutoka Uganda mpaka Congo bila kuigusa. Cheka, lakini ni kweli. Kila inchi ina adabu yake ya simu: mulio wake, nguvu yake ya sauti. Patron Zorobabel alikuwa na bureau, ofisi zake za biashara, Kasese ya Uganda, Beni na Butembo, na simu zake zilizunguka ndani ya malori kama mbuzi za mahari. Basi Abdias akabuni kidude, akakiweka ndani ya kila simu: ukiita, bakiiacha ilie mara saba bila kuikamata, inajifungua yenyewe na kupokea amri za inchi mupya. Muzungu gani alifikiri vile? Hata mumoja!

Lakini sisi Banande, batu ba Butembo na Beni, nani anaacha simu ya patron ilie?

Vita ilipokaribia Beni, bibi ya Abdias, Kavugho, na batoto, baliokaa kule, bakakimbilia depot, ghala ya patron. Asubuhi moja madereva bakaingia Butembo, malori yamejaa matundu ya risasi: njia ya Beni imekatwa, batu banauawa. Abdias akarukia simu. Kumbe ile ya Beni ilikuwa imetoka Kasese juzi, ingali ya Uganda, na simu ya inchi ingine haipitishi sauti vizuri. Yeye alibasikia, bao habakumusikia.

Mulio wa kwanza tu, Maliro, sentinelle, mulinzi wa depot, akakamata.

“Allô, patron!”

“Kavugho asitoke! Babakie!”

“Patron? Niko nasikia pumzi tu.”

Abdias akakata, akaita tena.

“Allô, patron! Pardon, nimechelewa!”

“Maliro, we mbuzi, acha ilie!”

Mathe, mwenzake wa atelier ya kutengeneza simu, akatikisa kichwa. “Saba juu ya nini, fundi? Ungeweka mbili.”

“Nilitaka isijifungue ovyo.”

Akaita tena. Sasa ilikuwa sauti ya Kavugho.

“Abdias, kama ni wewe, lori inaondoka. Tukuye kwako ao tubakie? Sema basi.”

“Musikuye! Musikuye!”

“Ananyamaza,” Kavugho akasema kule. “Mwanaume akinyamaza, amekubali. Maliro, beba mutoto, twende.”

Abdias akaita tena. Ikalia mara mbili. Ine. Saba. Ikajifungua. Vidole vyake vyenyewe vikatuma amri za Congo, na simu ikatii bila kosa hata moja.

“Inafanya kazi!” Mathe akapiga makofi. Halafu akaelewa kwa nini hakuna mutu aliyebakia depot kuikamata, akaficha mikono ndani ya mifuko.