Daftari la Wapiga Kelele

Nililichana daftari la wapiga kelele mbele ya darasa zima, mtoto wangu akilia mgongoni. Wanafunzi themanini na zaidi wa darasa la nne, pale karibu na Lumino, wakanikodolea macho kama nimepandwa na wazimu. Labda kweli.

Nilikuwa nimetoka sekondari juzi tu, sina cheti cha ualimu, nanyonyesha. Darasa lilinishinda. Basi nikamchagua binti wa mwanajeshi awe kiranja, kwa sababu moja tu: wenzake walimwogopa. Nikigeukia ubao, yeye aandike majina ya wanaopiga kelele. Siku ya kwanza tu, kimya! Nikafurahi kama mjinga. Hedimasta akawaleta walimu wengine waje wajifunze kwangu, kisha akaagiza daftari lifike ofisini kwake kila Ijumaa.

Jumatatu ile nikalifungua, nikakuta si majina tu. Mbele ya jina la mvulana mmoja kutoka Lunyo kulikuwa na maneno: "Amesema baba yake alivusha kahawa Malaba."

Wanajeshi ndio waliotawala, na aliyevusha kahawa mpakani kwa magendo alipigwa risasi. Watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Nani alikwambia uandike wanayosema?" nikamwuliza kiranja.

"Hedimasta, Madamu. Alisema jina peke yake haitoshi." Akatabasamu, akingoja nimsifu. "Na baba yangu anakuja kusoma Ijumaa, kule ofisini."

Hapo ndipo nilipolichana. Ule ukurasa nikautia motoni, kwenye jiko la uji wa shule.

Hedimasta akaniita. "Ukurasa uko wapi?"

"Umepikia uji."

"Haya, mpishi. Kiranja ana kichwa kizuri, ataandika upya mbele yangu Ijumaa." Akamtazama mtoto mgongoni. "Mama, huyu unataka alelewe na nani?"

Niliketi bila kukaribishwa.

Nikamwondolea binti kazi ya kuandika majina, nikampa ya kupiga kengele. Kelele zikarudi, nikaziacha. Lakini gari likipita barabarani nilisahau nilichokuwa nafundisha, chaki imeganda hewani. Nilimhesabia siku baba wa yule mvulana wa Lunyo: Jumanne, Jumatano.

Alhamisi nikapanda gari kwenda ofisi ya elimu, Tororo. Kahawa sikuitaja, wala jeshi. Niliandika kwa Kiingereza cha maofisini, maana yake hivi:

"Namlalamikia mwalimu mkuu wetu. Anamwita kiranja wa darasa langu ofisini na kumwandikisha mazungumzo ya wenzake. Nidhamu ya darasa la nne ni kazi yangu, na mambo yake yaishie darasani. Mtoto huyo hana kosa. Kosa ni langu, niliyemtwika kazi ya mtu mzima. Naomba mwalimu mkuu azuiwe kwa maandishi, leo, kabla ya Ijumaa. Barua yenu ya kumzuia nitampelekea mwenyewe. Nangoja hapa kwenye benchi, na mtoto wangu."