Kaluki na Wimbo Ulionyamaza

Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025. Asubuhi manyunyu, mchana mawingu mazito, kisha jua la kuchungulia na kujificha ambalo halikukausha nguo ya mtu.

Siku hiyo Kaluki alifunga kibanda chake cha ushonaji pale Kalimoni kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo wateja wake hawakulizoea. Kwa miaka mingi ameshona kanzu za kwaya, na kwaya za Ruiru hadi Thika zinamjua kwa mambo mawili: mishono yake haifumuki, na sauti yake haihitaji maikrofoni. Kanisani kwake, mtu akisimama kutoa ushuhuda akakwama kwa machozi au kwa kusahau, Kaluki ndiye huanzisha pambio. Wengine hudakia, aliyekwama anapata nafasi ya kumeza mate, na ibada inaendelea.

Kazi hiyo hakupewa na mtu. Aliianza baada ya mwanawe Muema, akiwa mtoto wa shule ya Jumapili, kusahau mstari wake mbele ya kanisa lote. Kaluki alikuwa nyuma akimimina chai. Mtoto alisimama kimya mpaka akalia, na hakuna aliyemwimbia.

Muema sasa ni mwanamume mwenye ndevu na gitaa. Yeye na wenzake wana bendi iitwayo Kiini Macho, na muziki wao ni roki ya kuzungusha kichwa: gitaa linalia kama ng'ombe aliyepotea, na wimbo mmoja unaweza kuanza ukiinjika maharagwe ukaisha yakiwa yameiva. Kaluki huwaambia akina mama wa kanisa kwamba bendi inaitwa Kiini, basi. Lakini mashati yao ameyashona mwenyewe, kwa vipande vilivyobaki vya kanzu za kwaya tatu: zambarau, dhahabu na kijani cha parachichi.

"Wakisimama pamoja," alisema jirani yake Ngendo, "ni kama kwaya tatu zimegongana barabarani."

Ngendo ndiye aliyefuatana naye hadi kwenye bustani iliyo karibu na maporomoko ya Chania, ambako bendi ilikuwa ikirekodi albamu yake ya kwanza, laivu. Bustani waliipata kwa alasiri moja tu. Jua likizama, kilichorekodiwa ndicho hicho.

"Na laivu ni nini hasa?" Ngendo aliuliza. "Hata ile ya kwaya yetu tuliiita laivu, na tulikuwa tukifungua midomo tu kanda ikiimba."

"Hii ni ya kweli," Kaluki alijibu. " Ukikohoa, umo."

Watu walikuja wengi kuliko Kaluki alivyotarajia, vijana kwa wingi, wakitafuna njugu na kuyumba kama migomba. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wimbo wa mwisho. Muema alikuwa amelivuta gitaa juu, juu zaidi, ngoma zikimkimbiza, halafu ghafla vyote vikakatika. Muema alisimama mikono hewani, macho amefumba, mdomo wazi.

Kimya.

Kaluki alingoja. Kijana hakusogea. Mtu mmoja alikohoa, mwingine akacheka.

"Ngai wangu, amesahau," Ngendo alinong'ona.

Kaluki hakufikiri. Alisimama katikati ya nyasi na kuanza:

"Mshike mkono, Bwana, njia yake ina mawe..."

Ngendo alidakia kwa sauti ya pili. Vijana walidhani ni sehemu ya onyesho, nao wakadakia, hata wasiokanyaga kanisa. Hapo ndipo Muema alipofumbua macho akamtazama mama yake, na Kaluki akajua papo hapo kwamba mtoto huyu hakuwa amesahau chochote. Alikatiza pambio katikati ya neno. Watu wote wakanyamaza naye. Baada ya muda gitaa liliingia tena, wimbo ukaisha, makofi yakalipuka.

Muema alishuka jukwaani akiwa ameshikilia kichwa.

"Mama! Mwaitu! Pale palikuwa pa maji! Tulinyamaza ili maporomoko yasikike. Unadhani tulikuja huku kwa sababu ya nyasi?"

"Mwanangu, ulifungua mdomo kama samaki. Ningejuaje?"

"Chege, mtoe," Muema alimwambia fundi wao wa sauti, kijana mnene aliyekuwa amejikunyata nyuma ya mashine chini ya turubai.

"Nimtoe wapi?" Chege alijibu. "Mathe wako ameingia kwa kila maikrofoni, mpaka ya ngoma. Nikimtoa, natoa wimbo wote. Na huu ndio wimbo wa albamu."

Kaluki alikaa kwenye kreti ya soda. Mashati yake ya rangi tatu yalimpita mbele, na hakuna aliyeyavaa aliyemtazama. Alitamani angekuwa tena nyuma ya kanisa, na chai yake.

"Ebu njooni msikie," Chege aliita. Alimvika Muema vipokea sauti masikioni. "Kabla ya mathe: kikohozi, njugu, mtu anacheka. Maji yako wapi? Hakuna. Sasa subiri aimbe... subiri anyamaze..."

Muema alisikiliza. Alifumba macho vilevile kama jukwaani. Kisha akavitoa na kumvika mama yake.

Kaluki alijisikia akiimba, na aibu ikampanda. Halafu sauti yake ikakatika, na watu wote hawakupumua. Maji ya Chania yakaja, mazito, karibu kabisa, kana kwamba yalikuwa yakingoja zamu.

"Manze, yanaongea," Chege alisema.

"Tunaiacha," Muema alisema. Akamtazama mama yake na kujaribu kubaki na hasira, tabasamu likamsaliti ndani ya ndevu. "Lakini Mwaitu, siku nyingine uliza kwanza."

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha. Kanisani, mzee Kyengo alisimama kushukuru kwa ng'ombe wake aliyepona, akafika katikati, akakwama. Vichwa vyote vikamgeukia Kaluki. Ngendo akamsukuma kwa kiwiko.

Kaluki alifungua mdomo, akaufunga.

"Ngoja," alinong'ona. "Labda ni pa maji."

Wakasikiliza mvua kwenye mabati, mpaka mzee alipofuta pua na kuendelea mwenyewe.