Maji Yaliyofungwa kwa Dole Gumba

Matonya wa Zuzu alijua maji yalipo. Hakuwa mganga. Jioni alitandaza ngozi ya ng'ombe ardhini, manyoya chini, na alfajiri aliipindua akapitisha kiganja. Manyoya yakiwa na unyevu, chini kulikuwa na maji. Yakiwa makavu, alihamia mahali pengine. Alifundishwa na mama yake, naye mama alifundishwa na mama yake.

Kwa miaka mitatu alimfanyia kazi hiyo mkandarasi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akichimba visima kandokando ya reli. Visima kumi na saba vilitokana na kiganja cha Matonya. Reli ilipoipita Dodoma kwenda magharibi, aliomba kurudi kwao. Mkandarasi akaweka karatasi mezani, na nyapara wake, Halfani wa Kondoa, akaisoma. Kwa miaka mitano, kuanzia Mlali hadi mbele ya Zuzu, Matonya asimwonyeshe mtu yeyote maji, asichimbe kisima, asimfundishe mtu kazi ya ngozi. Akivunja, ni viboko ishirini na tano na mwaka mmoja wa mnyororo.

"Hata kwetu?" Matonya aliuliza.

"Karatasi haijui kwenu. Weka dole."

"Nisipoweka?"

"Basi hutoki kambini. Utafuatana na reli mpaka Tabora."

Akaweka dole.

Hapa ndipo damu yangu huchemka. Ujuzi wa mama wa Kigogo uligeuzwa mali ya mtu asiyejua kutofautisha udongo na jivu, na serikali ya Wadachi, pamoja na askari wake wote, ikawa mlinzi wa mali hiyo.

Mwaka wa pili mvua haikunyesha. Visima vya mchangani vya Zuzu vilikauka kimoja baada ya kingine, kikabaki cha mkandarasi karibu na reli. Mtungi mmoja pale ulipatikana kwa siku nzima ya kupasua kokoto. Ng'ombe hawakuruhusiwa kusogea. Ndama wakaanza kufa.

"Baba Kefa," Yudith, mke wa Matonya, alimwambia, "leo wanawake wamenipisha njiani bila salamu. Wanasema mume wangu amemeza maji ya kijiji."

"Nikitamka neno moja, Halfani atalisikia kabla jua halijatua."

"Basi usitamke."

Jioni ile Matonya aliteremka bondeni na ngozi yake. Alfajiri akaipapasa, akairudisha ilipokuwa, akaenda zake. Ngozi ikalala palepale siku tatu. Hakuna aliyeuliza kitu. Zuzu nzima ilijua kwamba mtu mwenye akili haachii fisi ngozi nzuri namna ile.

Siku ya nne mzee Ndahani alishuka na wanaume kumi na wawili wenye majembe. Matonya alibaki nyumbani akichonga mpini, mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Kila lililoandikwa kwenye karatasi alikuwa amelikwepa. Alisahau kata ya kwanza ya maji. Desturi ile kwake ilikuwa kama kupumua: pale Zuzu, maji ya kisima kipya huonjwa na aliyeyaona. Akitangulia mwingine, kisima hukauka.

Alipoitwa bondeni alimkuta Halfani ameketi juu ya kifusi na askari wawili. Nyapara alikuwa ameishi na Wagogo miaka sita. Hakuwa amekuja kutazama kisima. Alikuja kutazama nani atakunywa kwanza.

"Mbukwa, Matonya," mzee Ndahani alimsalimu, akimnyooshea kata iliyojaa maji ya tope.

"Mmechimba wenyewe, mzee. Kunywa wewe."

"Mimi? Unataka kikauke mikononi mwangu, wajukuu wanitukane?"

"Kunyweni tu," Halfani alisema. "Au mnamngoja mtu?"

Ng'ombe walikuwa wamesimama tangu asubuhi, ndimi nje. Yudith alikuwa miongoni mwa wanawake, mtungi kichwani, akitazama chini.

"Siku hizi kiu yenu ina adabu kweli," Halfani akacheka. "Mimi sina haraka. Nimekuja na chakula changu."

Matonya alitazama huku na huku, kama mtu anayetafuta mlango. Akikataa, angerudi nyumbani huru, na maji yale yangebaki shimoni bila kuguswa. Hata mkewe asingeyagusa.

Akapokea kata kwa mikono miwili. Akanywa mpaka tope la mwisho.

Askari wakamfunga mikono palepale. Wakati wanamfunga, wanawake walikuwa wameshaanza kuteka.

Huko Boma, Dodoma, bwana shauri, Mdachi aliyeamua kesi, alimwuliza kama alimwonyesha mtu maji.

"Sikusema neno," Matonya alijibu.

"Ulikunywa wa kwanza?"

"Nilikunywa."

Halikuulizwa swali jingine. Viboko alipigwa siku ileile, na asubuhi yake alitiwa kwenye mnyororo wa watu kumi na mmoja waliokuwa wakichimba mtaro. Kule Zuzu, ng'ombe walikuwa wanakunywa.